Theluji hulipamba garimoshi, hatari huificha

GARIMOSHI la mizigo halina urembo wa kujivunia. Ni mabehewa ya chuma yaliyopauka na kuchafuka, yaliyoungwa moja nyuma ya jingine hadi yakafikia urefu wa kilomita mbili au zaidi, yakibeba ngano, makaa ya mawe, mbolea na makontena.

Hata hivyo, garimoshi hilo hilo likipita katika bonde lililofunikwa na theluji, injini yake nyekundu ikitimua wingu jeupe huku na huku, hugeuka kuwa mandhari inayowavuta wapigapicha kutoka mbali.

Kila majira ya baridi kali yanapowadia, wapenzi wa reli nchini Kanada na Marekani hufunga safari kuelekea milimani, wakastahimili baridi inayogandisha vidole, ili wapate picha moja tu ya garimoshi la aina hiyo.

Kwa msomaji wa nchi za Ikweta, ambaye theluji ameiona kwa mbali kileleni mwa Mlima Kenya, shughuli hiyo huenda ikaonekana nyepesi. Mtu asimame, asubiri, abonyeze kidude cha kamera, arudi nyumbani.

Ukweli ni kwamba theluji ni mpambaji na pia ni mdanganyifu. Huidanganya kamera kuhusu mwanga, hulidanganya sikio kuhusu sauti, na humdanganya mtazamaji wa picha kuhusu kazi inayofanyika ndani ya injini ile.

Asiyeyafahamu mambo hayo matatu hurudi na picha mbovu. Pengine hata harudi.

Kona ya Morant

Mojawapo ya mahali panapofahamika mno kwa picha hizi ni Morant's Curve, kona ya reli iliyo karibu na kijiji cha Lake Louise katika Mbuga ya Kitaifa ya Banff, mkoani Alberta, Kanada.

Hapo reli hujipinda sambamba na mto Bow, misonobari ikiwa pande zote na Milima ya Rocky ikiwa imesimama nyuma yake kama ukuta.

Kona hiyo ilipewa jina la Nicholas Morant, aliyeishi kati ya 1910 na 1999, na ambaye kwa miaka mingi alikuwa mpigapicha wa kampuni ya reli ya Canadian Pacific. Picha zake ndizo zilizotumiwa na kampuni hiyo kuitangaza reli na milima hiyo kwa wasafiri.

Kampuni yenyewe iliungana na ile ya Kansas City Southern mnamo 2023, na sasa inaitwa Canadian Pacific Kansas City. Magarimoshi yake ya mizigo yangali yanapita kwenye kona hiyo mchana na usiku, yakielekea bandari ya Vancouver au yakirejea kutoka huko.

Tofauti na treni za abiria, magarimoshi ya mizigo hayana ratiba inayotangaziwa umma. Mpigapicha anaweza kuona matatu katika muda wa saa moja, au akakaa nusu siku bila kuona hata moja.

Isitoshe, mchana wenyewe ni mfupi. Mwezi Desemba jua huonekana huko kwa takriban saa nane pekee. Hata adhuhuri huwa limeinuka nyuzi 15 tu kutoka upeo wa macho, ilhali jijini Nairobi, siku hiyo hiyo, huwa limepanda hadi karibu nyuzi 68.

Jua la chini namna hiyo lina faida na hasara zake. Nuru yake huja kwa upande, ikachora kila gurudumu na kila tuta la theluji kwa vivuli virefu. Lakini mlima mmoja ukilikinga, bonde zima huingia kivulini kabla ya wakati, na theluji huonekana pichani ikiwa na rangi ya buluu.

Kwa sababu hiyo, mpigapicha mzoefu huchagua mahali pa kusimama siku moja au mbili kabla. Huchunguza jua litatokea wapi, kivuli kitaingia saa ngapi na upepo unavuma kutoka upande gani.

Kamera inavyodanganywa

Ndani ya kila kamera ya kisasa mna kipimamwanga. Kifaa hiki hakijui kinatazama nini. Kimeundwa kwa kudhani kwamba vitu vingi duniani, vikichanganywa pamoja, hutoa mwanga wa wastani, sawa na wa rangi ya kijivu inayorudisha takriban asilimia 18 ya mwanga unaoiangukia.

Dhana hiyo hufaa kwa bustani, barabara au umati wa watu sokoni. Kwa theluji haifai hata kidogo, kwani theluji mpya hurudisha zaidi ya asilimia 80 ya mwanga.

Kamera ikiona weupe huo wote, huamini kwamba mwanga umezidi, ikapunguza kiasi inachoruhusu kuingia. Matokeo yake ni picha ambayo theluji imekuwa ya kijivu kama jivu la jikoni, na garimoshi limekuwa jeusi kama masizi.

Tiba yake humshangaza anayeanza kujifunza. Palipo na weupe mwingi, kamera haipunguziwi mwanga, bali huongezewa, kwa kawaida hatua moja hadi mbili. Kila hatua ni sawa na kuongeza mwanga maradufu.

Hata hivyo, kuna mtego mwingine. Injini za magarimoshi ya Amerika Kaskazini huwa na taa tatu kali mbele, zilizopangwa kama pembetatu ili zionekane kwa mbali. Garimoshi linapokaribia, taa hizo humulika moja kwa moja ndani ya lenzi, nacho kipimamwanga huchanganyikiwa tena.

Ndiyo maana wapigapicha wengi hawaiachii kamera uamuzi. Hupima mwanga mapema, reli ikiwa tupu, wakaweka viwango vyote kwa mkono, kisha wakaviacha hivyo hivyo mpaka garimoshi lipite.

Jambo hilo hilo hufanywa kuhusu kulenga. Theluji inapoanguka, lenzi inayojilenga yenyewe huweza kunasa kitonge cha theluji kilicho hatua mbili mbele yake, ikaliacha garimoshi likiwa ukungu mtupu. Dawa ni kuilenga lenzi mapema kwenye taruma fulani la reli, na kungoja injini ifike hapo.

Kuna pia suala la kasi. Garimoshi linalokwenda kilomita 72 kwa saa husonga mita 20 kila sekunde. Shata ya kamera, yaani mlango mdogo unaofunguka na kufumba ili kuingiza mwanga, ikikaa wazi kwa sehemu moja ya 60 ya sekunde, garimoshi litakuwa limesonga sentimita 33, na picha itaparara.

Ikifunguka kwa sehemu moja ya 500 ya sekunde, garimoshi husonga sentimita nne tu. Hapo hata chembe za theluji zinazorushwa na magurudumu huonekana zimening'inia hewani.

Wingu hilo la theluji ndilo wengi wanalolifuata. Hutokea pale theluji inapokuwa mpya na kavu, na baridi ikiwa kali kiasi cha kuizuia isishikamane. Theluji iliyoanza kuyeyuka ni nzito, na hairuki.

Anayelitaka wingu hilo hana budi kusimama upande unakotoka upepo. Akisimama upande wa pili, wingu lote litamwangukia yeye, na atakachoambulia ni lenzi iliyopakwa weupe.

Baridi na vifaa

Betri za kamera huishiwa na nguvu haraka katika baridi kali. Betri ambayo ingetosha kutwa nzima mjini inaweza kuonekana imekwisha baada ya muda mfupi milimani. Wenye uzoefu hubeba za akiba katika mfuko wa ndani wa koti, karibu na mwili, na ile iliyozimika mara nyingi hupata uhai kidogo ikishapashwa joto.

Hatari kubwa zaidi kwa kamera huja wakati wa kurudi. Kifaa baridi kikiingizwa ghafla katika chumba chenye joto, unyevu wa hewa hugeuka matone juu yake na hata ndani yake, kama inavyotokea kwa chupa ya soda iliyotolewa kwenye friji.

Kwa hivyo, kamera hufungwa ndani ya mfuko wa plastiki ingali nje, kisha huachwa humo kwa saa kadhaa mpaka ipate joto la chumba polepole.

Mwili wa binadamu nao hauna mfuko wa plastiki. Joto likiwa nyuzi 28 chini ya sufuri na upepo ukivuma kwa kasi ya kilomita 40 kwa saa, ngozi iliyoachwa wazi inaweza kuganda kwa muda usiozidi dakika 10.

Wengi husubiri ndani ya gari lililowashwa. Hilo nalo lina hatari yake, kwa kuwa theluji ikiziba bomba la moshi la gari, hewa ya sumu isiyokuwa na harufu huweza kuingia ndani na kumuua mtu akiwa usingizini.

Sikio linavyodanganywa

Watu wengi huamini kwamba garimoshi haliwezi kumjia mtu bila kusikika. Imani hiyo imewaponza wengi.

Theluji mpya imejaa vijishimo vya hewa, na vijishimo hivyo hufyonza sauti kama godoro. Isitoshe, reli za siku hizi zimechomelewa zikawa kipande kimoja kirefu, hivyo ule mlio wa magurudumu yakiruka maungio haupo tena.

Mtu aliyejifunika kofia nzito masikioni, jicho likiwa ndani ya kamera na akili yote ikiwa kwenye picha, anaweza kulisikia garimoshi likiwa limeshamfikia.

Naye dereva, hata akimwona, hana la kufanya zaidi ya kupiga honi na kufunga breki. Garimoshi la mizigo lenye mabehewa 100, likienda kilomita 88 kwa saa, huhitaji kilomita 1.6 au zaidi ili lisimame.

Nchini Marekani, zaidi ya watu 400 hufariki kila mwaka baada ya kuingia kwenye reli pasipo idhini. Si wote ni wapigapicha, lakini shirika la Operation Lifesaver, lililoanzishwa katika jimbo la Idaho mnamo 1972 ili kupunguza ajali za reli, huwaonya wapigapicha kwa namna ya pekee.

Linawakumbusha kwamba injini na mabehewa hutokeza nje ya reli kwa karibu mita moja kila upande, na kwamba kusimama katikati ya reli ili kupiga picha ni kuvunja sheria. Onyo hilo huwahusu hata wapigapicha wa studio ambao huwapeleka maharusi na wanafunzi waliohitimu kupigwa picha relini.

Wakati wa theluji, hata kusimama kando hakutoshi ikiwa ni karibu mno. Jembe la kuondolea theluji lililofungwa mbele ya injini hurusha theluji, mapande ya barafu na kokoto mbali na reli.

Mnamo Machi 2017, katika kituo cha Rhinecliff jimboni New York, treni ya abiria iliingia kwa kasi kwenye reli iliyojaa theluji. Watu waliokuwa jukwaani, baadhi yao wakiirekodi kwa simu zao, walifunikwa na wimbi zima la theluji. Video za tukio hilo zilienea kote duniani na kuwachekesha wengi, ingawa halikuwa jambo la kuchekesha.

Asiyeonekana pichani

Lililo gumu zaidi kuonekana katika picha ya garimoshi na theluji ni binadamu. Kwa kawaida garimoshi zima la urefu wa kilomita mbili huendeshwa na watu wawili, dereva na kondakta, nao hufichwa na vioo vya injini.

Kwao theluji si pambo. Garimoshi hufungwa breki kwa nguvu ya hewa inayopita katika mabomba kutoka behewa la kwanza hadi la mwisho. Baridi ikizidi, mipira inayoziba maungio ya mabomba hukakamaa na hewa huanza kuvuja.

Ndiyo sababu kampuni za reli za Kanada hulazimika kupunguza idadi ya mabehewa katika kila garimoshi pindi joto linaposhuka chini ya nyuzi 25 chini ya sufuri.

Safari isiyofika kilomita 50 kwa barabara kutoka Morant's Curve, ng'ambo ya mpaka wa mkoa wa British Columbia, kuna mteremko uitwao Field Hill. Hapo kuna mahandaki mawili yaliyochimbwa kwa kuzunguka ndani ya milima, yaliyofunguliwa mnamo 1909 ili kupunguza ukali wa mteremko.

Garimoshi refu likipita humo, injini huonekana ikitoka upande mmoja wa handaki huku mabehewa ya nyuma yakiwa bado yanaingia upande wa pili. Kando ya barabara kuu kuna mahali palipotengwa kwa ajili ya watazamaji, nao wapigapicha hawakauki hapo.

Usiku wa Februari 4, 2019, garimoshi lenye mabehewa 112 ya nafaka lilikuwa limesimamishwa kwenye mteremko huo kwa breki za dharura. Joto lilikuwa takriban nyuzi 28 chini ya sufuri.

Hewa ya breki iliendelea kuvuja kidogo kidogo katika baridi hiyo. Baada ya takriban saa tatu, garimoshi lilianza kuteremka lenyewe. Wafanyakazi watatu waliokuwa wamepanda muda mfupi awali kuchukua zamu hawakuweza kulizuia.

Injini mbili na mabehewa 99 viliacha reli. Injini ya mbele iliangukia mto Kicking Horse, na wafanyakazi wote watatu wakafariki.

Siku chache baadaye, serikali ya Kanada iliamuru kwamba garimoshi likisimama kwa breki za dharura katika mteremko wa milimani, ni sharti lifungwe pia breki za mkono, ambazo hazitegemei hewa.

Msiba huo haukuwa wa kwanza katika reli hiyo. Mnamo Machi 4, 1910, katika njia ya mlimani ya Rogers Pass, vibarua walikuwa wakiondoa theluji iliyoporomoka na kuziba reli. Maporomoko mengine yalishuka kutoka mlima wa upande wa pili na kuwafukia. Watu 58 walifariki, 32 kati yao wakiwa wafanyakazi kutoka Japani.

Kampuni ilikubali hatimaye kwamba theluji ya mahali hapo haishindiki. Ilichimba handaki la Connaught, lenye urefu wa kilomita nane, na kuanzia 1916 magarimoshi yakawa yanapita chini ya mlima.

Picha yenye kusema kweli

Mambo hayo yote yanamhusu mpigapicha kwa sababu yanamwonyesha cha kutafuta. Garimoshi jekundu katikati ya weupe ni pambo la kalenda, nalo lina watu wake wanaolipenda. Lakini theluji hutoa nafasi ya kuonyesha mengi zaidi ya hayo.

Mfanyakazi aliyeinama akifagia theluji kutoka kwenye swichi ya reli, pumzi yake ikifuka kama moshi, huonyesha jinsi mzigo unavyofika bandarini. Kondakta anayetembea kando ya mabehewa usiku, taa mkononi, akikagua breki moja baada ya nyingine, huonyesha kwa nini garimoshi halikuteremka lenyewe.

Picha za namna hiyo hazimlazimu mtu kukanyaga reli. Zinaweza kupigwa kutoka barabarani, kwenye daraja la wapita njia au kwenye uwanja wa umma, kwa lenzi inayovuta mbali. Hata Morant's Curve yenyewe hupigwa picha kutoka kando ya barabara iliyo juu ya reli.

Wahenga walinena kwamba haraka haraka haina baraka. Garimoshi la leo likipita bila kunaswa pichani, la kesho litapita, na theluji ya mwaka huu ikiyeyuka, ya mwaka ujao itaanguka. Mpigapicha aliye hai ataikuta.